Maua Saba ya Bi Faili

Bi Faili alipanda ngazi za mchora tatuu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na tisa, na sababu aliyokwenda nayo ilikuwa kovu. Pasi ilimteleza asubuhi moja akinyoosha sare ya kazi, ikamwachia alama inayong'aa kwa ndani ya kifundo cha mkono wa kushoto, yenye ncha kama jani. Hiyo ndiyo sababu aliyoitaja. Nyingine alikuwa haijui bado, na hata angeijua asingethubutu kuitamka.

Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa mtunza mafaili wa hospitali, katika chumba cha chini kabisa, ambako mabomba ya maji yalipita darini yakiguruma kama tumbo lenye njaa. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake alipostaafu, wakubwa walisema hakuna haja ya kuajiri mwingine kwa kuwa kompyuta ziko njiani, na kompyuta hizo zilikuwa zimekaa njiani mwaka wa tatu sasa. Wauguzi walisukuma vikaratasi kupitia kidirisha. Yeye akavipokea, akapotea kati ya rafu, akarudi na faili na kulisukuma upande wa pili. Sura zao hakuziona vizuri. Aliwajua kwa kucha: huyu anazitafuna, yule kapaka rangi, huyu wa leo mgeni.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili na jiko. Katika chumba kimoja alimuuguza mama yake miaka kumi na mmoja, tangu kiharusi kilipomlaza. Alimwogesha, alimgeuza, alimkanda miguu, alimnyoosha vidole vilivyojikunja kama vya mtu aliyeficha kitu kiganjani. Mama alipofariki nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia alimkumbatia. Kisha wakaondoka, kila mtu akafuata lake. Mdogo wake wa kiume, ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye duniani, alikaa wiki nzima, halafu naye akarudi mji wa mbali alikokuwa na mke, watoto na gereji. Wenye kusema husema upweke ni uvundo. Mwanzoni Bi Faili hakunusa kitu. Alilala kama gogo, akidhani anapumzika.

Mchora tatuu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene, mwenye sauti nzito. Wateja walimwita Kidoti kwa sababu ya nukta moja ya wino kidevuni. Aliichora mwenyewe mbele ya kioo siku aliyopata mashine yake ya kwanza, ili ajue inavyouma kabla ya kumuumiza mtu. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la mchonga funguo, na kutwa nzima mlio wa funguo ulipanda kupitia sakafu ukajibizana na mlio wa mashine yake.

"Unataka ua gani, dada yangu?"

"La bamia."

Kidoti aliweka kalamu chini. "Miaka tisa nachora. Nimechora mawaridi mpaka nayaota. Yungiyungi, alizeti, asumini, yote nimechora. Bamia nimeila tu."

Bi Faili akamweleza. Ua lenyewe ni la manjano hafifu, karibu na jeupe, na ndani kooni lina wekundu wa kukolea kama mtu aliyekunywa zambarau. Hufunguka asubuhi, na jua likishapita kichwani linajikunja, basi, limekwisha. Yeye aliotesha bamia kwenye makopo dirishani ili mama yake aweze kuyaona maua akiwa kitandani. Kidoti alichora mara tatu na kufuta mara mbili. Mara ya tatu Bi Faili alitikisa kichwa kukubali.

"Sasa swali la maana. Likutazame wewe, au liwatazame watu?"

"Kuna tofauti?"

"Kama ya mlango na ukuta. Shina likiwa upande wa kiganja, ukining'iniza mkono watu wanaliona limesimama vizuri, lakini wewe ukijitazama liko kichwa chini. Nikiligeuza, wewe ukiinua mkono linasimama, ila kwa watu linaning'inia. Wengi hutaka la kuwatazama watu."

"Linitazame mimi," alisema Bi Faili.

Kidoti akavaa glavu, akamshika mkono, akaugeuza chini ya taa na kupitisha kidole gumba juu ya kovu, taratibu, huku na huku. "Kovu halifunikwi kama sufuria," alisema. "Ngozi yake inakunywa wino inavyopenda yenyewe. Tutalipatia kazi. Hii ncha itakuwa ukingo wa petali moja, nyingine zitakaa kwenye ngozi nzima."

Mashine ikaanza. Mkono wa kushoto wa Kidoti ulikuwa umeushika wa Bi Faili, ukiivuta ngozi ili mstari usitetemeke, na joto lake lilipenya glavu. Machozi yakamtoka Bi Faili, yakateremka mpaka sikioni.

"Inauma?"

"Ndiyo," alijibu, na huo ulikuwa uongo.

Baada ya wiki sita alirudi. Safari hii alitaka asumini kwenye kifundo cha mguu, chache, kama zilizodondoka zenyewe. Kisha akarudi kwa alizeti ya bega. Kisha kwa yungiyungi la mundi wa mguu. Kidoti alipenda kumfundisha, maana wateja wengi walikuja na picha ya simu na kusema nichoree hii hapa, mwisho wa mazungumzo. Bi Faili aliuliza.

"Ua la mviringo lipe mahali pa mviringo," Kidoti alimwambia. "Bega, paja, mgongo wa juu. Lenye shina refu lipe mfupa mrefu, litulie. Usiliweke katikati ya kiwiko, litakukunjia uso kila ukila. Vidoleni wino haukai, utajuta. Na mbavuni usiende kama una wepesi wa kuchekeshwa."

Bi Faili aliyaandika yote. Alijifungulia faili kule kazini, lenye namba kama la mgonjwa, akaliweka kwenye rafu ya mwisho nyuma ya bomba. Hospitali ilikuwa na fomu zenye mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, ambazo madaktari walitia alama penye majeraha. Alichukua fomu mbili na kutia maua. Saa za mchana, kidirisha kikiwa kimya, alikaa na kalamu za rangi akisogeza ua kwa upana wa kidole, kushoto kidogo, chini kidogo, kama anayepanga fanicha katika nyumba atakayohamia.

Kila ua lilichukua muda mrefu kuliko lililotangulia. La kifundo cha mguu lilikwisha kabla hata hawajapiga soga vizuri. La bega lilikula saa mbili. La saba, waridi pana chini ya shingo, aliomba litiwe kivuli pole pole, hata kwa vikao viwili.

"Wewe ndiwe mteja wa ajabu kuliko wote," Kidoti alimwambia. "Kiti hiki kila mtu anakikimbia."

Katikati ya mwaka huo mdogo wake alimwalika kwa chakula cha mchana, binti yake alikuwa amemaliza shule. Kulikuwa na joto, na Bi Faili alivaa mikono mifupi. Alikuwa akipokea sahani wifi yake alipomshika kiwiko.

"Wifi, hicho nini? Umeungua?"

"Ni ua."

"La kufutika?"

"Hapana."

Wifi akaiweka sahani mezani kwa uangalifu mno, kama kitu kitakacholipuka, akaenda kumwita mumewe. Mdogo wake alimpeleka uani, penye matairi ya zamani.

"Dada, kwa utu uzima huu? Watoto wanakuona."

"Wameona ua."

"Mama angekuona angesemaje?"

"Angesema nimgeuze upande wa pili, ubavu umechoka."

Mdogo wake akageukia matairi. Hakuwahi kumgeuza mama yake hata mara moja, na wote wawili walilijua hilo. Bi Faili alitamani maneno yale yarudi kinywani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo simu za mdogo wake, zilizokuwa za kila Jumapili, zikawa za mara mojamoja: hujambo, sijambo, haya basi.

Ua la nane alilichora mwenyewe kwa wiki tatu. Lilikuwa la boga, na tawi lake lilitambaa kutoka begani, likafuata uti wa mgongo mpaka kiunoni, likijiviringa njia nzima. Kwa hesabu yake lingehitaji vikao vinne, pengine vitano. Alilifungua mbele ya Kidoti kwenye meza, akilibana pembe kwa chupa za wino.

Kidoti alilitazama kitambo. "Umechora vizuri kuliko mimi."

"Basi tuanze leo, hata mistari tu."

"Sikuchori."

Bi Faili alidhani ni mzaha. "Ngozi yangu ina tatizo?"

"Ngozi yako haina neno." Kidoti alivuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. "Wengine wote wakilala pale huniuliza neno moja: bado? Wewe ndiwe peke yako unayeniambia nisifanye haraka. Mara ya mwisho nilikuwa nimekwisha maliza. Nimefuta, nimefunika, mkono wangu uko begani kwako huku naongea na simu. Nilipouondoa ulishtuka kama mtu aliyevuliwa blanketi. Nimeliwaza jambo hili wiki mbili. Dada yangu, wewe hutaki ua. Nikikuchora tena nitakuwa mwizi."

Uso wa Bi Faili uliwaka. Aliikunja karatasi harakaharaka, ikakunjika upogo.

"Nimekuja kama mteja," alisema. "Sikuja kupimwa akili."

Alishuka ngazi. Mchonga funguo alimsalimu, naye, ambaye hakuwahi kupita salamu ya mtu, alipita.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Akitoka kazini aliwasha redio kabla ya kuvua viatu, akaiacha iseme peke yake. Alipika kidogo, akala akiwa amesimama. Jioni moja alisimama bafuni na vioo viwili, kimoja ukutani na kingine mkononi, akayatafuta maua yake. Lile la bamia lilimtazama. Zile asumini aliziona akiinama. Lakini manne kati ya saba yalikuwa mahali ambapo hawezi kuyaona bila kujinyonganyonga, na mtu anayetaka ua la kuliangalia haliweki mgongoni. Aliketi ukingoni mwa beseni akahesabu. Tangu shangazi yao, aliyeondoka msibani baada ya wote, hata mdogo wake, alipomkumbatia mlangoni, mpaka siku Kidoti alipomshika mkono chini ya taa, ilikuwa miezi kumi na minne. Katikati hapakuwa na mtu hata mmoja. Kinyozi wa kichwa hana, mtoto hana, rafiki wa kupigana naye kofi la kicheko hana.

Siku chache baadaye, kazini, vidole vya muuguzi fulani viligusana na vyake kwenye kidirisha. Bi Faili hakujua kwamba amelishikilia faili.

"Nimelishika, Bi Faili," ilisema sauti ya upande wa pili. "Achia."

Aliachia. Alikwenda nyuma ya rafu ya mwisho akakaa sakafuni mpaka mabomba yalipomaliza kuguruma.

Jumanne ya wiki ya tano alipanda tena ngazi. Kidoti alikuwa akila mkate, chumba kitupu.

"Ulisema sitaki ua," alisema Bi Faili akiwa bado mlangoni. "Ni kweli. Sasa nifanye nini?"

Kidoti alimeza. "Sijui."

"Umeninyang'anya kitu halafu hujui?"

"Sijui, dada. Mimi najua kuchora." Alifuta mikono kwenye suruali, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Kinyozi hajinyoi. Nashika watu tangu asubuhi, mabega, miguu, mbavu. Nikifunga mlango huu, wa kunishika mimi yuko wapi? Chumba changu kina kitanda cha mtu mmoja na feni. Nimeona ulicho nacho kwa sababu nakijua. Dawa yake ningekuwa nayo, ningeshainywa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Njoo uwe unakaa. Jumanne sina watu. Tutapiga soga."

Alikuja Jumanne mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa saa nzima. Walisema habari za wateja, za mafaili yaliyopotea, za mtu aliyechora jina la mchumba na kuachwa wiki ileile. Halafu maneno yakawaishia, wakabaki kusikiliza funguo zikichongwa chini. Ya pili akaja msichana anayetaka tawi la maua madogo kwenye mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Kidoti aliomba ushauri, na Bi Faili akasema wasiliweke juu ya mfupa wenyewe, walishushe kwa upana wa kidole, ili mfupa uwe kama ukuta na tawi kama mti unaoegemea. Msichana alifurahi. Kidoti alimkonyeza. Kisha akaweka mkono begani kwa yule msichana na kuivuta ngozi, na Bi Faili, kwenye benchi, akajiona kama mwenye njaa aliyepewa kazi ya kukaa mlangoni pa jiko. Aliaga mapema.

Jumanne ya tatu hakwenda. Kidoti alimtumia ujumbe: *Leo kimya?* Akajibu kazi ni nyingi. Siku hiyo alikuwa ametoa mafaili manne tu.

Alhamisi, akitoka kazini, alimpigia simu mdogo wake. Kwa kawaida hakumpigia; alisubiri kupigiwa.

"Dada? Kuna nini?"

"Hakuna. Njoo."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nyumba imeungua?"

"Haijaungua. Nataka uje tu. Nakaa peke yangu, na nimechoka kukaa peke yangu."

Nyuma ya mdogo wake kulikuwa na kelele za nyundo na injini. Alimsikia akiziba kipaza sauti na kumwambia mtu anyamaze.

"Jumamosi," alisema.

Alifika Jumamosi mchana na mapapai mawili, na kipande cha karatasi chenye jina la daktari bingwa wa moyo. Hakukaa. "Sema ukweli, nimeshajiandaa. Wamekukuta na nini?"

"Hawajanikuta na kitu."

"Dada."

"Wallahi vile. Kaa chini."

Hakuweza kukaa. Alifungua friji, akaifunga. Alijaribu bomba la jikoni, akaona linavuja, akauliza spana iko wapi, akalitengeneza. Alibisha ukuta mahali fulani akasema una unyevu. Bi Faili alimwacha. Alikuwa amesahau jinsi nyumba inavyolia mtu mwingine akitembea ndani yake. Hatimaye vya kutengeneza vikaisha, akaketi.

"Na yale mambo yako ya kuchorwa?"

"Yamekoma. Nimebaki na saba."

"Saba! Mengine yako wapi?"

"Hayakuhusu."

Walicheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha, na Bi Faili akaona akinyamaza sasa hatasema tena. Akapiga moyo konde.

"Tangu Mama afe hakuna mtu aliyenigusa," alisema. "Nilikuwa nakwenda kuchomwa sindano ili nishikwe mkono. Sikujua. Nimeambiwa na yule aliyekuwa ananichora."

Mdogo wake alitazama sakafu. Alikuwa ameanza kuota mvi kisogoni, ambako yeye mwenyewe hawezi kuziona, na pengine hakuna aliyemwambia.

"Mimi nilidhani unapumzika," alisema. "Miaka kumi na mmoja umembeba peke yako. Nikamwambia mke wangu, tusimsumbue Dada, tumwache apumue. Halafu siku ile uliposema habari ya kumgeuza..." Alivua kofia, akajifuta uso nayo. "Nikaona aibu kukupigia. Kila nikishika simu nasikia ile sentensi."

"Sikupaswa kuisema."

"Ilikuwa kweli."

"Kweli nyingine si za kusemwa penye sahani za watu."

Alinyanyuka, akasimama mbele ya dada yake. Alikuwa na mikono mikubwa ya fundi magari, yenye oili kwenye mikunjo isiyotoka kwa sabuni yoyote, na ilikuwa wazi hajui aipeleke wapi. Mwishowe aliweka mmoja juu ya kichwa cha Bi Faili, bapa, mzito, kama anayepima joto la injini. Akauacha hapo. Bi Faili alifumba macho. Hakuna aliyejua jambo kama hilo linamalizwaje, kwa hiyo walibaki vile kwa muda mrefu, mpaka shingo ya Bi Faili ikaanza kuuma, naye hakusema.

Baadaye mdogo wake alisinzia kitini, mdomo wazi, miguu imenyooka katikati ya chumba hata ikambidi Bi Faili airuke kila akienda jikoni. Aliiruka mara nyingi kuliko alivyohitaji.

Jumapili alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi. Walikumbatiana vibaya, begi likiwa katikati yao na kamba yake ikimkwaruza Bi Faili shingoni.

"Mwisho wa mwezi nitakuja," mdogo wake alisema.

Mwisho wa mwezi hakuja. Aliletewa gari la mtu mwenye haraka, akapiga simu saa sita mchana kuomba radhi, na sauti yake ilionyesha radhi ile ni ya kweli. Bi Faili alikuwa amekwisha pika chakula cha watu wawili. Alikila kwa siku mbili mfululizo, safari hii akiwa ameketi. Mwezi uliofuata alikuja, akakaa siku tatu.